Mama Alipoacha Kuimba Kule Mwankoko

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Bwana asifiwe tena! Huko nyuma hamkuitika, na mimi huwa nahesabu.

Mnanijua, Mama Pendo wa kuku. Wafugaji wa Sepuka wakiniona nashuka kwenye bodaboda huambiana, "Ficheni majogoo, huyo amefika." Nawashukuru kwa heshima hiyo.

Nilikulia hukohuko Sepuka, enzi za vijiji vya ujamaa. Ee, nazikumbuka! Rimu ya lori ilikuwa inagongwa alfajiri, watu wanakwenda shamba la pamoja. Sukari ilikuwa ya foleni kwenye duka la kijiji. Ukichoka kusimama, unaacha jiwe lishike nafasi yako, na hakuna aliyeligusa. Siku hizi ungekuta hata jiwe limeuzwa.

Mama alikuwa akitoka dukani na kifuko chake, kabla hajateleka chai anamtengea Bibi Salima, mjane wa jirani. Anampelekea huku anaimba. Nikamuuliza, "Mama, mbona hata sisi haitutoshi?"

Akasema, "Ndiyo maana naiwahisha, kabla sijaanza kuipigia hesabu."

Nilikua, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa. Kaka yangu Yohana mpaka leo anasema furaha yetu ilitoka kwenye shamba la pamoja. Mimi humwambia, "Kaka, wewe ulikuwa unalima au ulikuwa unalala kwenye mtama?" Mimi niliamini furaha inatoka sokoni. Nikauza kuku, nikajenga nyumba huku mjini, Mwankoko, nikamleta mama. Maji ndani, umeme, kochi, geti la chuma.

Ndugu zangu, mama akaacha kuimba! Kisha akaacha kula. Hospitali wakapima, hawakuona ugonjwa. Nikabadilisha godoro, nikanunua samaki, nikachinja jogoo ambaye hata mimi niliona uchungu kumchinja. Akaonja, akasukuma sahani. Mama yangu alikuwa anazimika mbele ya macho yangu. Nikapiga magoti, nikaanza kumpa Mungu ofa. Bwana hakujibu hata moja. Nikaongeza dau. Mwisho nikaishiwa ofa, nikalia tu, "Baba, sina cha kukupa, nisaidie."

Asubuhi nikampelekea uji wa uwele. Akaushika, akatazama geti.

"Mwanangu, nyumba ile ya pili anakaa nani?"

"Simjui, mama."

"Basi hapa nitamtengea nani?"

Ndugu zangu, nilisikia Bwana akisema nami! Nilimletea mama kila kitu, nikamnyang'anya Bibi Salima wake. Nikamimina nusu ya uji kwenye chupa ya chai, nikamshika mkono, tukaenda kugonga. Akafungua binti aliyejifungua juzi tu, mume yuko safari na lori, macho yamemvimba kwa kukesha. Mama hakungoja kukaribishwa. "Mzazi hana hata uji! Lete huyo mtoto, wewe kunywa." Akampakata yule mtoto. Akaanza kuimba. Ule ule wimbo wa njia ya kwa Bibi Salima! Mimi nilisimama mlangoni pa watu nalia kama niliyeibiwa.

Tuliporudi akauliza, "Uji wangu uko wapi?"

"Mama, si umeugawa?"

"Nusu. Nilikuona unamimina."

Akala, akakwangua bakuli. Haleluya!

Sitaki foleni ya sukari irudi, Yohana anisamehe. Wala maduka siyachukii, nakula humo. Ila mama aliimba wakati wa foleni, akaimba maduka yalipojaa, akanyamaza pale tu alipokosa wa kumpa. Namshukuru Yesu aliyemrudisha, na aliyenifungua macho mimi. Wewe uliye na kila kitu ndani ya geti na moyo umenyamaza, mwamini huyu Bwana. Mwambie huna cha kumpa. Yeye atakuonyesha pa kugonga.

Kuhusu bei ya kuku, nitaendelea kuwasumbua, hilo halijaniondoka. Lakini kila tenga, kuku wa kwanza hauzwi, anatengewa jirani. Mama yuko pale benchi la mbele, muulizeni. Yeye ndiye anayemchagua, na huchagua mnono.

Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia mpaka nyuma.