Fundi Wetu, Bi Ummkulthum Usi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka kumi na tisa, Bi Ummkulthum Usi anastaafu katika studio yetu ya michezo ya kompyuta, hapa Mlandege. Alipoanza, tulikuwa duka la kukodisha michezo kwa watoto. Alijifundisha mwenyewe kuandika programu, na mchezo uliotupatia sifa, Gari la Moshi la Bububu, ameutunga yeye, tangu kengele ya kuondoka hadi kuku wanaokatisha reli.

Mwisho wa mchezo huo pameandikwa neno moja tu: Fundi. Mkurugenzi wetu, Bwana Kheir, alilipenda kwa sababu Kiswahili hakisemi fundi ni mwanamume au mwanamke, na kila mtu akajazia mwenyewe. Wageni wakawa wanampongeza Sabri, dereva wetu, ambaye hata kuwasha kompyuta hajui. Mmoja wao alimgeukia Bi Ummkulthum: "Mwanangu, hebu tutilie chai, twamngoja fundi." Akawatilia, kisha akaketi mbele ya kompyuta, akawauliza shida yao. Ofisi nzima ilicheka, isipokuwa yeye.

Aliomba kitu kimoja: jina lake liandikwe. Likaandikwa. Wiki haikwisha, wachezaji wakalalamika kwamba gari limekuwa zito, mchezo umeharibika, arudishwe fundi wa zamani na huyu mwanamke aende jikoni. Mengine waliyomtumia hayaandikiki kwenye karatasi ya sherehe. Ndani ya mchezo hakuna kilichobadilika ila jina. Bwana Kheir akalifuta, akasema biashara haitaki ubishi, litarudi toleo lijalo.

Matoleo yakatoka. Kila moja Bi Ummkulthum alilicheza mpaka mwisho, akasoma neno Fundi, akafunga kompyuta, akaenda kuswali. Inauma, na mimi Bashira, niliyekaa meza ya pili yake, nimekata tamaa. Zawadi aliyochaguliwa na ofisi ni seti ya masufuria.

Ahsante, Bi Ummkulthum, kwa kazi yako na kwa subira ambayo hatukuistahiki. Tunakuombea afya na utulivu nyumbani kwako Bububu. Kiti chako atakikalia Badria, ambaye ameshatunga mchezo wake wa kwanza. Jana aliuliza kama jina lake litaandikwa. Ameambiwa asubiri toleo lijalo.