Kabla Papa Hajaonja

Emérance: Haloo, Papa? Unanisikia?

Wilondja: Nani huyo? Sema kwa nguvu, treni inapita.

Emérance: Ni mimi, Emérance. Umeshindaje?

Wilondja: Salama, binti yangu. Watoto?

Emérance: Wazima. Uko wapi?

Wilondja: Hapa karibu.

Emérance: Karibu na wapi?

Wilondja: Lidcombe.

Emérance: Papa, nyumba imejaa. Miezi imepita, leo tunavunja matanga ya Mama. Hakuna mtu hapa Minto atakayegusa sahani kabla wewe hujaonja, na wewe uko Lidcombe, upande mwingine wa jiji.

Wilondja: Kuna mama Mkorea hapa ana maandazi ya nyama, anayapika kwa mvuke. Bei ya maskini. Asubuhi nilianzia Auburn kwa Waturuki, chapati ya majani na jibini. Jana—

Emérance: Jana Cabramatta, supu ya Wavietnamu. Najua. Tangu Mama aende unakula dunia nzima, ila nyumbani hata kijiko.

Wilondja: Miguu inawasha.

Emérance: Pasta Melchior anauliza kila saa kama uko njiani. Mama Kyakimwa anasema mwanaume akikimbia sufuria ya matanga, ujue amepata mwingine.

Wilondja: Mwambie huyo mwingine ni treni.

Emérance: Sicheki, Papa. Ugali unapoa. Sombe ya majani ya muhogo nimetwanga mwenyewe, nimetia mawese ya kweli. Desturi yetu unaijua, unaanza na chakula alichoomba marehemu mwisho, halafu—

Wilondja: Nani alisema aliomba sombe?

Emérance: Kila mtu anajua. Alikuwa anapenda—

Wilondja: Kupenda ni kupenda. Mimi nauliza kuomba.

[mtandao unakwaruza]

Emérance: Haloo? Papa?

Wilondja: Nipo. Nikianza na kingine, matanga tumeyavunja kwa uongo. Ndiyo sababu siji.

Emérance: Basi aliomba nini?

Wilondja: Mkate. Ule wa Wairaki karibu na stesheni ya Liverpool hapa jijini, wenye ncha mbili. Akasema, baba Emérance, chakula cha hospitali hakina chumvi, kaniletee ule wa moto. Foleni ilikuwa ndefu.

Emérance: Kumbe. Nilipofika Mama anakata roho, hukuwa kando ya kitanda.

Wilondja: Niliporudi, ulikuwa bado wa moto.

Emérance: Papa. Nimekununia miezi yote hii. Mbona hukusema?

Wilondja: Afadhali uninunie mimi, kuliko kujua Mama aliondoka na hamu yake. Sasa treni ikifika Liverpool nageuza uso. Nashuka kwingine kote.

Emérance: Hiyo treni ninayoisikia inaenda wapi?

Wilondja: Huko huko. Milango imefunguka.

Emérance: Ingia, Papa.

Wilondja: Na sombe yako?

Emérance: Itangoja. Na Pasta atangoja. Nunua ule wa moto, wa kutosha watu wote. Usionje njiani.

Wilondja: Nimeingia. Simu hii inakufa, chaji—

Emérance: Nitakupokea hapa stesheni ya Minto.

Wilondja: Hapana. Nipokee Liverpool. Foleni ile sitaiweza peke yangu.

Emérance: Nachukua funguo za gari. Papa? Haloo? Papa, nakuja—