Glasi Tatu za Jumatatu: Kumuaga Godelieve Stroobants

Ijumaa hii, tarehe 27 Septemba 2024, Godelieve Stroobants, ambaye sote tunamwita Lieve, anatundika aproni yake baada ya kukitumikia kiwanda cha bia cha Moerhof kwa miaka arobaini na moja na siku ishirini na mbili. Siku hizo ishirini na mbili amezihesabu mwenyewe, na ameagiza zisiachwe.

Alianza Jumatatu ya tarehe 5 Septemba 1983, kwenye mashine ya kuosha chupa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kwa maelezo yake mwenyewe, bia alikuwa haipendi. Mwezi wa tatu tu kazini, akabeba kreti nzima hadi ofisini kwa marehemu Bwana Edmond, mwenye kiwanda, kulalamika kwamba chupa zile zinanuka kabati la shangazi yake. Bwana Edmond alifungua moja, akanusa, akaduwaa. Harufu ilikuwamo kweli: mbao kuukuu, matufaha makavu, na sabuni kwa mbali. Tena haikuwa kasoro. Ilikuwa bia bora kuliko zote za mwaka ule, na hakuna aliyekuwa ameigundua. Wiki iliyofuata Lieve alihamishiwa chumba cha mapipa.

Tunajua sote lambiki yetu, ile bia chachu, ilivyo. Haitiwi hamira, hulazwa darini kwenye sinia kubwa la shaba, hewa ya bonde la mto Zenne ikaichachusha, kisha huingia pipani kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Mapipa yako mia na arobaini, na kila moja lina tabia yake, kama watoto wa mama mmoja. Kazi ya Lieve ilikuwa kuyaonja yote kila baridi inapoanza kukatika, na kuamua yapi yachanganywe kuwa geuze, bia ya mchanganyiko ya mwaka, yapi yangoje kutiwa cheri, na yapi yamwagwe. Aliandika hukumu yake kwa chaki kwenye pipa, kwa maneno ambayo hayamo katika kitabu chochote cha waonjaji: "ndimu iliyokaa dirishani", "tandiko la farasi", "kanisa la mvua". Mgeni mmoja kutoka Brussels aliwahi kumuuliza kwa nini hatumii msamiati wa kitaalamu. Lieve akamjibu kwamba msamiati huo haukulelewa shambani.

Heleen, binti wa Bwana Edmond, aliposhika uongozi akaleta bia nyeusi, bia ya ngano yenye ganda la chungwa, na ile chungu ya mtindo wa Kimarekani, wengi tulisubiri Lieve akunje uso. Ghislain, dereva wetu wa lori, alikuwa tayari ametangaza kwamba ile chungu inafaa kusafishia injini. Lieve aliinywa taratibu kwa siku tatu, kila siku katika glasi ya umbo jingine, ndipo akasema: "Ghislain, usimlaumu mbuzi kwa kuwa hatagi. Hii iliahidi uchungu, na uchungu imeuleta. Sasa tafuta balungi lililojificha nyuma yake." Ghislain alitafuta. Siku hizi ndiyo anayobeba kwenda nayo nyumbani, na akiulizwa anasema ni ya mke wake.

Hiyo ndiyo shule yake nzima. Bia ya ngano ikiwa na ukungu si chafu, nyeusi ikiwa tamu haijakosea, na lambiki ikikuumauma mashavu ndivyo ilivyozaliwa. Kila bia aliihukumu kwa ahadi yake yenyewe.

Ukali alikuwa nao. Msimu wa kuonja, kitunguu kilikuwa marufuku, na mbio za baiskeli za majira ya kuchipua zilipita mbele ya lango letu mwaka baada ya mwaka bila yeye kuinua kichwa. Bwana Edmond mwenyewe aliwahi kuingia chumba cha mapipa akiwa amejimwagia manukato mapya. "Bosi, toka," Lieve akamwambia. "Umekuja kuonja au umekuja kuposa?" Bwana Edmond alitoka, na akarudi baada ya kuoga.

Mwaka 1991 alianzisha glasi tatu za Jumatatu. Kabla ya kazi, mtu mmoja anamimina kwa siri: glasi mbili za pipa moja, ya tatu ya pipa jingine. Mwonjaji aitambue ile tofauti. Akikosa, haonji wiki ile, awe nani. Katika miaka thelathini na mitatu Lieve alikosa mara kumi na moja, na kila mara alikwenda mwenyewe kuosha chupa hadi Ijumaa.

Sasa nifike pale ambapo nilitamani kupakwepa. Jumatatu ya tarehe 5 Februari mwaka huu zamu ya kumimina ilikuwa yangu, mimi Marnix Coppens wa chumba cha chupa, ninayeandika wasifu huu. Lieve alikuwa ametoka kuugua mafua makali. Alinusa, akaonja, akaonyesha glasi ya kushoto. Iliyokuwa tofauti ilikuwa ya kulia. Nilimtazama mama huyu aliyenifundisha kila ninachokijua, nikawaza kwamba umebaki mchanganyiko mmoja tu kabla hajastaafu, nikamwambia: "Umepata."

Hakufurahi. "Marnix, kahawa yangu leo ilikuwa maji ya moto. Jana nimeunguza supu nikiwa nimesimama kando yake, sikusikia harufu yoyote. Hapa nimebahatisha. Hebu sema tena, ukinitazama usoni."

Nikasema ukweli.

"Nikikosa, tumepoteza wiki," akanijibu. "Ukinihurumia wewe, tumepoteza geuze ya mwaka mzima. We unanipenda au unanizika?"

Mficha uchi hazai. Lieve alipanda ngazi palepale, akamweleza Heleen kila kitu, akajiondoa kuonja. Aibu ya siku ile ilikuwa yangu, si yake, na ninaiandika hapa kwa sababu ameniruhusu.

Jumatatu mbili zilizofuata alikosa tena. Daktari wa mji wa Halle alisema pua huenda irudi, huenda isirudi. Mapipa hayakuwa na subira hiyo. Heleen alipopendekeza tukodi mwonjaji kutoka nje, Lieve alikataa: "Mko wanane hapa. Mmekunywa miaka yote hiyo, sasa fanyeni kazi."

Akaketi kwenye kigoda katikati ya chumba, chaki mkononi, nasi tukapita pipa kwa pipa. "Usiniambie nzuri," alikuwa akisema. "Nzuri si harufu. Mara ya kwanza uliinusa wapi?" Ghislain alijitetea kwamba yeye anajua bia za aina mbili tu, iliyopo na iliyokwisha. Lakini kwenye pipa la 31 aliingiza pua mara ya pili, kisha akasema ni tandiko la farasi wa mjomba wake, limenyeshewa halafu likaanikwa juani. Lieve alicheka mpaka akafuta macho, na akaliandika neno kwa neno. Kazi ilichukua siku kumi na moja. Kutokana na maneno yetu, ngozi, kiberiti kilichozimwa, maganda ya jibini, alichagua mapipa kumi na tisa na kupanga kiasi cha kila moja. Geuze ya 2024 aliichanganya kwa masikio.

Tarehe 21 Agosti tulifungua chupa ya kwanza. Mkate wa jibini laini na figili uliwekwa kando usubiri. Tulionja wanane, kila mmoja akataja alichokipata, na vyote tulivyovitaja Februari vilikuwamo. Lieve, ambaye tangu Juni alikuwa amerudishiwa harufu ya sabuni na ya cheri tu, alishika glasi yake. Aliingiza pua.

"Kabati la shangazi," akasema.

Hakuna kati yetu aliyekuwa ameitaja. Tulirudisha pua zetu ndani ya glasi, na ilikuwamo, nyuma kabisa. Heleen alilia, nami sikujizuia. Lieve akatufokea kwamba machozi yanaharibu pua.

Chupa hizo ndizo zilizo mezani leo. Lieve, Moerhof inakushukuru kwa kila pipa ulilolipitisha, na zaidi kwa yale uliyokataa. Bustani yako izae, magoti yakutii, na siku zako zote zikuendee vyema.

Heleen amenikabidhi chaki yako. Jumatatu saa mbili asubuhi ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa upande wa kuonja zile glasi tatu. Njoo umimine wewe. Nikikosa, usinihurumie.