Wagombea Watatu na Safari ya Al Qabil

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la dobi, hapa Ibra, Omani. Ukipita baada ya sala ya alasiri utatukuta watatu: Hamdun, tunayemwita Waziri kwa kuwa aliendesha gari la mkubwa mmoja Maskati miaka ishirini, Haidari, tunayemwita Umeme kwa kuwa hapana shida ya dunia asiyoitibu kwa sola, na mimi Shamsi, mwalimu wa jiografia mstaafu, jina langu Ramani, ingawa hata Nizwa nikienda hupotea. Mwaka huo sote watatu tuligombea kiti kimoja cha baladiya, baraza la mji. Kila mmoja alikuwa na hakika ya kura mbili, yake na ya mkewe, na hiyo ya mkewe tulikuwa tukiiombea dua. Ijumaa hiyo tulizungumzia usafiri na mazingira, na magari yetu matatu makubwa yakinguruma kando ya barabara, AC zimewashwa, viti visije vikatuunguza.

— Mimi nikipita, — alisema Waziri akijimiminia kahawa, — kila mlango wa Ibra utapitiwa na basi la umeme. Kila dakika kumi.

— Kila mlango? — nikamuuliza. — Kichochoro chako hata punda hageuki.

— Tutavunja kuta.

— Utaanza na ukuta wa nani?

— Wako.

Umeme akacheka mpaka tende ikampalia.

— Yakhi, ndugu yangu, mabasi yamepitwa na wakati. Mimi naleta ngamia wa serikali. Hanywi petroli, hatoi moshi. Nunduni namtandikia sola, abiria anachaji simu huku anakwenda zake Sur.

— Siku ngapi mpaka Sur? — akauliza Waziri.

— Nne. Lakini simu imejaa!

Nami sikukubali kushindwa. Nikawaambia nitaleta usafiri wa maji: vihori vidogo ndani ya falaji, ule mfereji wa mababu zetu, kutoka hapa mpaka mashamba ya mitende ya Al Qabil.

— Maji yenyewe yanafika gotini, Ramani.

— Abiria watakunja miguu.

— Na yanaelekea Al Qabil?

Hilo, wallahi, nilikuwa sijalitazama.

— Tutaunda kamati, — nikajibu.

Hapo ndipo alipotufikia Mwanamboka, msichana wa Tanga anayemhudumia Bi Fakhriya, bibi mzee anayekaa mtaa wa pili. Viatu vimejaa vumbi, ushungi umelowa jasho.

— Shikamoo babu zangu.

— Marahaba, — tukaitika, tukikaza migongo kwa ajili ya hilo neno babu.

— Samahani. Gari ya abiria ya Al Qabil inasimama wapi?

Waziri akatazama birika. Umeme akatazama simu yake. Mimi nikanyoosha mkono kulia, nikaurudisha, nikaunyoosha kushoto.

— Labda kule kwenye mzunguko wa barabara, — akasema Waziri.

— Ndiko nilikotoka, baba. Nimesimama tangu watu walipotoka sala ya Ijumaa.

— Weye Waziri, — nikamgeukia, — umepanda basi lini mara ya mwisho?

— Bujumbura, kabla hatujahamia huku, — akasema polepole. — Darasa la nne.

Mwanamboka akatueleza kwamba mdogo wake anafanya kazi kwenye nyumba moja huko Al Qabil. Alipasuliwa tumbo wiki iliyopita, na tangu hapo anamsikia kwenye simu tu. Bi Fakhriya kampa ruhusa mpaka magharibi.

Tukasimama sote kwa pamoja, kila mmoja akielekea gari yake.

— Nitampeleka mimi!

— Gari yangu iko karibu!

— Hana kura, yakhi, — Umeme akaninong'oneza kwa Kiarabu.

— Lakini ana mdomo wa kututangaza, — nikamjibu. Naona haya kuyaandika, lakini ndivyo nilivyosema.

— Babu zangu, — akasema Mwanamboka, — jua linakwenda.

Kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, tukapanda wote gari ya Waziri, yenye picha yake ya uchaguzi mlangoni. Njia nzima hatukutaja ngamia wala falaji. Mwanamboka alikuwa akipiga simu, na simu haipokewi. Akipiga tena, vilevile. Waziri akakanyaga mafuta.

Mdogo wake alitoka mlangoni akijishika ukutani, amekonda. Mwanamboka akakimbia, kiatu kimoja kikabaki mchangani. Akamkumbatia taratibu, mabegani tu, asimguse tumbo, na wote wawili wakaanza kulia na kucheka. Umeme akashuka, akakiokota kiatu, akakipangusa kwa kanzu yake nyeupe. Kisha tukangoja garini, wanaume watatu, kila mmoja akitazama dirisha lake.

Tulimrudisha kwa Bi Fakhriya adhana ya magharibi ikianza.

— Mungu awalipe, — akasema. — Ijumaa ijayo nisimame wapi?

— Hapahapa. Nitakuja mimi, — akasema Waziri.

— La, mimi, — akasema Umeme.

— Mimi, — nikasema, na nilikuwa nasema kweli.

Mwanamboka akatutazama mmoja mmoja, bila ubaya wowote.

— Na uchaguzi ukishapita?

Taa ya mlangoni ikawaka, Bi Fakhriya akamwita kwa jina, naye akaingia ndani.