Kalamu Nyekundu ya Mama Raihana

Bujumbura nzima, toka Mutakura mpaka ziwani, hakuna anayepiga hesabu ya riba haraka kunishinda mimi, Jimmy wa gisheti ya pili, dirisha la kupokelea pesa. Kalkuleta yenyewe huniomba nipunguze mwendo. Ndiyo maana nimepewa mimi, niliyeacha shule mwaka wa nane, kazi ya kuandika maneno ya kumuaga Mama Raihana, anayestaafu tarehe 30 Juni 2004 baada ya miaka ishirini na tisa katika ushirika wetu wa mikopo.

Aliingia 1975 akipiga taipu, akapanda hadi mkuu wa mikopo. Kila mkopaji alisomewa mkataba mzima kabla ya kutia dole gumba, na kipengele cha saba mara mbili: ukichelewa, riba inapanda kila siku, ukipitisha siku tano, rehani yako inachukuliwa. Wengine waliinuka wakaenda zao. Mkurugenzi wetu, Bwana Zénon, alilalamika kwamba anafukuza wateja. Mama Raihana akamwambia hao watarudi; wasiorudi ni wale wasiosomewa.

Mwaka 1995 mji ulifungwa siku tatu, barabarani matairi yanawaka. Mi nilikuwa bado nakimbiza mpira, ila kisa hiki kila mtu hapa anakijua. Ofisi ilipofunguliwa, Bwana Zénon alitaka riba ya kuchelewa ya siku zote tatu.

"Apana, patron," Mama Raihana akasema. "Mlango tumeufunga sisi, faini alipe nani?"

Tangu hapo kalenda yake ya ukutani ina alama nyekundu: kila siku ya mlango kufungwa anaikata, haihesabiwi. Vita hivi vya nchi vimemaliza kalamu nyingi.

Mimi alinitania sana. "We Jimmy, vidole vyako vina haraka kama vya mwizi wa kuku!" Hata hivyo, Julai mwaka jana, alipokwenda Rumonge kumzika kaka yake na mapigano yakamzuilia huko, kalamu aliniachia mimi.

Mama Raihana, tunakuombea usingizi usiokatizwa na mizinga, wajukuu wengi, na chai isiyopoa. Asante kwa kutusomea.

Limebaki moja. Ofisi ilipofunguliwa tena Julai ile, baada ya siku tano za mapigano mjini, wa kwanza mlangoni alikuwa Ernestine, mshonaji wa Mutakura, pesa zimefungwa kwenye ncha ya kitenge.

"Umechelewa siku sita, dada," nikamwambia.

"Lakini tano mulikuwa mumefunga!"

"Kalkuleta haijui kufuli."

Pesa zake hazikufikia riba niliyoipiga. Mchana huohuo cherehani yake, aliyoiweka rehani, ilibebwa, kesho yake ikauzwa. Mama Raihana aliporudi alitazama kalenda, haina hata alama moja ya Julai, akaniuliza siku zile tano mimi nilipita njia gani kuja kazini.

Sikupita popote. Nilikuwa uvunguni mwa kitanda, kwetu Musaga, nimeziba masikio. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, na siku zote tano nilimhesabia Ernestine.