Waya wa Moto Uliokuwa Baridi

Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, nimesikia mkinong'ona kwamba leo nitalia. Silii. Nimekuja na hasira yangu, na mchungaji ameniruhusu nisimame nayo hapa mbele.

Mimi ni mtu wa Kahe, kule chini tambarare, nimeolewa huku mlimani Machame, na tangu nifike naitwa mwanamke wa porini. Nilizoea. Nilikata majani, nilikamua, nililea watoto na kumtunza mama mkwe, maana mume wangu yuko kazini kiwandani, huja mara mojamoja.

Tulipovuta umeme, shemeji yangu alimleta fundi, rafiki yake. Akafunga taa kwenye banda la ng'ombe, juu ya bomba la chuma. Waya mmoja ulikuwa unagusagusa lile bomba, nikamuuliza kama ni salama. Akasema, "Huo ndio waya wa moto, mama, lakini ukizima swichi hauna neno." Mama mkwe akaupapasa. "Mbona umepoa?" Tukacheka.

Ndugu zangu, nawaambia, sisi moto tulioujua ni wa jikoni. Kitu kikiwa cha baridi, basi kimelala. Yule fundi alijua maana ya neno lake, na badala ya kutueleza akacheka na sisi, akaenda zake.

Masika yalipokuja, ng'ombe alianguka mchana, taa imezimwa, miguu yake ikiwa kwenye tope na ubavu kwenye bomba. Alikuwa karibu kuzaa. Nilikimbia peku, nikalishika bomba nimsogelee, mkono ukanitikisika mpaka begani nikarushwa kando. Nikapiga kelele kwamba ni umeme. Shemeji akaja amevaa gambuti zake za mpira, akalishika bomba lile lile kwa kiganja kizima.

"La baridi hili," akasema. "Na taa imezimwa. Umeme wa wapi?"

Ng'ombe akafa. Basi nikawa mwongo, na baada ya uongo nikawa mchawi. Kikao cha ukoo kikaitwa. Baadhi yenu mliokuwa pale mmekaa hapa leo, sitawataja, mnajijua. Mlisema nimepanda mlima na vitu vya porini. Mkaamua nirudi Kahe na watoto wabaki, ila niondoke shule zikifungwa, ili watoto wasivurugike masomo. Mpaka leo sijaisahau huruma ile. Mume wangu alikuwepo, akaangalia chini.

Nikashuka Moshi mjini, kwenye mafunzo ya umeme ya akina mama. Msidhani nilikwenda kwa kupenda elimu. Nilikwenda kwa sababu mkono wangu ulijua kilichonipata, na hakuna aliyeuamini.

Mwalimu wetu, dada mmoja wa Tarakea, alitupa betri, balbu, swichi na vipande vya waya. Akatuambia umeme lazima uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi, na ukiikata popote, balbu inazima. Nikakata njia ya kwenda, ikazima. Nikaunga, nikakata ya kurudi, ikazima vilevile. Nikamuuliza, "Mwalimu, swichi ya nyumbani ikiwekwa huku kwenye kurudi?"

"Taa itazima," akasema, "lakini moto utakuwa umeshafika mpaka kwenye taa, unasubiri pa kupitia. Ukishika na miguu iko chini, utapita kwako."

"Na mtu akivaa gambuti?"

"Mpira unamzuia. Anaweza asisikie kitu."

Niliweka bisibisi chini. Banda lote lilikuwa limekuja mbele ya macho yangu, ule waya umechubuka kwa kusugua bomba, na shemeji amesimama katikati na gambuti zake. Hapo ndipo nililia, kwa hiyo leo sina machozi ya kuwapa.

Shule zilipokaribia kufungwa, nikaomba kikao kikae pale bandani, nikaja na mwalimu. Alizima swichi mbele ya wote, akagusisha kwenye bomba testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka penye umeme. Ikawaka. Shemeji akasema kidude kibovu, bomba ni la baridi, yeye alilishika.

Nikamwambia, "Vua gambuti, shemeji. Lishike tena."

Nilijua nisingemwacha alishike. Yeye hakujua. Akaziangalia gambuti zake, akaliangalia bomba, na hakuvua. Mama mkwe akanyanyuka, akaja kusimama karibu nami. "Huyu haendi popote," akasema. Kikao kikaisha hapo, watu wakaondoka mmojammoja bila kuaga.

Namshukuru mwalimu, ambaye alipanda mlima kwa ajili ya mtu asiyemjua. Namshukuru mama mkwe. Mume wangu naye aliniomba radhi, tunaendelea kujengana. Wengine mpaka leo mnanisalimia kana kwamba hakuna kilichotokea, na Mungu ananifundisha kuwasamehe, polepole.

Siku hizi nafunga umeme katika nyumba za watu, nyingine ni zenu. Mkiniita mtanisikia nikiuliza kwanza swichi imekata waya upi. Usikubali kuambiwa pamepoa. Dai testa, uione kwa macho yako. Na anayekuhakikishia kwamba hakuna umeme, kabla hujamsadiki, mwangalie miguuni amevaa nini.