Unyevu wa Chumba cha Mama

Fundi redio aliyekaa mbele yangu kwenye basi alimwonyesha simu mama mmoja ambaye hawakujuana. "Hiki kituo cha hali ya hewa nimekiunda mwenyewe, mama. Kopo la rangi, nyaya za redio mbovu, na vidude viwili rahisi vya kupimia joto na unyevu. Kimoja kiko juu ya paa, kingine chumbani kwa marehemu mama yangu."

"Makubwa! Siku hizi hata mawingu mnayatazama kwenye simu. Shingo zenu zina kazi gani?"

Fundi hakucheka. "Chumba tumekifunga tangu tumzike. Lakini kila jioni unyevu wa humo unapanda, asubuhi unashuka, kama kuna mtu amelala."

"Kidude chako kibovu."

"Nimekibadilisha. Kipya nacho kinasema vilevile."

Mimi nimelala vyumba vingi vya watu, na sikuwahi kuuliza nani alilala kabla yangu. Nikajipongeza.

"Basi kiacheni kimefungwa," mama akasema.

"Mke wangu anakifungua leo. Anataka mtoto wetu alale humo."

"Mwanangu, mpigie!"

"Ataniona nimechanganyikiwa."

Simu ikalia mlio wa tahadhari ya kituo. Mama akachungulia kioo cha simu. "Mbona unyevu wa chumbani unapanda saa hizi, jua linawaka?"

Fundi akampigia mkewe haraka. "Mmeshaingia chumbani?" Akasikiliza, akashusha simu. "Bado wako kwa dada yake. Ufunguo anao mkobani."

Basi likasimama. Kondakta akagonga bati. "Si ulisema unashuka hapa, kaka?"

Fundi hakuinuka.